Kubadilisha nyaya zote za umeme nyumbani: gharama inatoka wapi na unaidhibiti vipi

Nyumba iliyofungwa umeme miaka ya 1970 au 1980 ilipangiwa taa, redio, pasi na pengine friji moja. Leo nyumba hiyohiyo inabeba hita ya maji ya kuoga, jiko la umeme, pampu ya kisima, viyoyozi na chaja za simu kila kona, na yote hayo yanapita kwenye nyaya zilezile. Mwongozo huu unamlenga mwenye nyumba Tanzania anayetaka kung'oa nyaya za zamani na kufunga mpya. Mfano wa hesabu ni nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam: vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko, bafu mbili, umeme wa fezi moja wa volti 230.

Fundi anayekutajia bei ya jumla akiwa bado amesimama mlangoni anabahatisha. Akikosea kwenda juu, wewe ndiye unayelipa. Akikosea kwenda chini, atafidia kwenye waya, na waya ukishafukiwa ukutani huuoni tena. Fedha zako zitakwenda kwenye mafungu manne: nyaya, vifaa vingine, ufundi, na kurudisha kuta na dari katika hali yake. Fungu la nne ndilo husahaulika kwenye makadirio mengi, na ndilo huchelewesha kazi fedha zinapokatika katikati.

Kwanza hakikisha kweli unahitaji kubadilisha zote

Dalili za mfumo uliochoka zinajulikana. Soketi inapata joto au imebadilika rangi kuzunguka matundu. Friji au bomba la kuogea linakupa shoti ndogo. Fyuzi za kufunga kwa uzi wa waya bado zipo kwenye meinswichi. Ganda la waya linapasuka na kumeguka ukilikunja kidogo. Soketi zina waya mbili tu, hakuna wa ethi, yaani wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Hii ya mwisho pekee inatosha kukufanya ubadilishe njia zote za soketi, yaani nyaya zote zinazotoka kwenye breka hadi soketi.

Kuna jaribio moja ambalo halina gharama. Zima breka zote za ndani, acha swichi kuu ikiwa imewashwa, kisha angalia mita ya LUKU. Kitaa kinachomweka kulingana na matumizi kikiendelea kumweka, umeme unapotea kati ya mita na breka, au kuna waya umeungwa kabla ya breka bila wewe kujua. Kisha washa breka moja moja huku vifaa vyote vikiwa vimechomolewa na taa zimezimwa. Breka itakayofanya kitaa kianze kumweka ndiyo yenye njia inayovuja.

Fedha zikiwa hazitoshi, kazi inaweza kugawanywa kwa awamu, lakini kwa mpangilio. Anza na ethi na sanduku jipya la breka, halafu jiko na hita, halafu soketi, taa ziwe mwisho. Jiandae kwa jambo moja: sanduku jipya lenye ulinzi mzuri likifungwa juu ya nyaya mbovu, litakuwa linakata mara kwa mara. Lenyewe ni zima, linakuonyesha ubovu uliokuwepo siku zote. Usimruhusu fundi akuondolee ulinzi huo ili umeme usiwe unakatika.

Hesabu pointi kwa mkono wako

Chukua karatasi, chora ramani ya nyumba, pita chumba kwa chumba. Kwa nyumba yetu ya mfano hesabu inakuja hivi. Taa: sebule 2, sehemu ya kulia chakula 1, jiko 1, korido 2, vyumba 3, bafu 2, baraza ya mbele 1, ya nyuma 1, taa za ulinzi nje 4, jumla 17. Feni za dari 4. Soketi za kuchomeka plagi mbili: sebule 4, sehemu ya kulia 1, jiko 4, kila chumba 3, korido 1, jumla 19. Pointi maalumu: jiko la umeme, hita ya kuoga, pampu na viyoyozi viwili, jumla 5. Pointi zote ni 45.

Hapa ndipo ugomvi mwingi wa malipo unapozaliwa. Mafundi wengine huhesabu taa pamoja na swichi yake kuwa pointi moja, wengine huhesabu mbili. Chukua mfano wa bei, kwa ajili ya hesabu tu: fundi wa kwanza anataka shilingi 12,000 kwa pointi na anahesabu taa na swichi pamoja. Pointi 45 zinakuwa 540,000. Wa pili anataka 9,000 tu, lakini swichi 21 za taa na feni anazihesabu peke yake. Pointi zake ni 66, na jumla inafika 594,000. Aliyeonekana wa bei nafuu amekuzidishia 54,000. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, andika pointi ni nini, na umpe kila fundi karatasi ileile.

Usibane soketi. Soketi inayoongezwa baada ya rangi kupakwa inakugharimu kuchimba, kuziba na kupaka upya. Ikiwekwa sasa inakugharimu boksi, waya kidogo na soketi yenyewe.

Panga njia na unene wa waya

Kila njia inaanza kwenye breka yake. Unene wa waya unategemea mzigo, na joto la mahali unapopita. Jedwali la kawaida la waya wa PVC ndani ya bomba, hewa ikiwa nyuzi joto 30, linasema waya wa 1.5 (unene kwa milimita za mraba) unabeba ampea 17.5, wa 2.5 ampea 24, wa 4 ampea 32, wa 6 ampea 41. Lakini juu ya dari, chini ya bati la Dar es Salaam mchana, nyuzi 40 ni jambo la kawaida, na hapo uwezo unashuka hadi asilimia 87. Waya wa 4 unabaki na ampea 27 na ushee. Ndiyo maana waya wa 4 ukiwekwa kwenye breka ya 32 juu ya dari ya bati huungua polepole wala breka isishtuke.

Kwa nyumba yetu tunapendekeza njia 10. Taa na feni zigawe njia mbili, waya wa 1.5, breka ya ampea 10. Soketi zigawe njia tatu za waya wa 2.5, breka ya 20: jiko peke yake, sebule na korido pamoja, vyumba pamoja. Jiko la umeme na hita ya kuoga kila kimoja na njia yake, waya wa 6, breka ya 32. Hita ya kichwa cha bafu ya kilowati 5.5 inavuta karibu ampea 24, na waya wa 6 unaimudu hata kwenye joto. Iwapo hita yako ni ya kilowati 7.5, inavuta karibu 33. Hapo panda hadi waya wa 10 na breka ya 40. Pampu na viyoyozi viwili: waya wa 2.5, breka ya 16 kila kimoja. Chukua sanduku la nafasi 12 za njia, ili mbili zibaki wazi.

Kuna mafundi wanaopenda kuzungusha soketi kwa mviringo: waya wa 2.5 unatoka kwenye breka ya 32, unazunguka soketi zote na kurudi kwenye breka ileile. Mpango huo ni halali na una historia ndefu kwa Waingereza. Shida ni kwamba mviringo ukikatika sehemu moja hakuna dalili yoyote: soketi zote zinaendelea kufanya kazi, huku waya wa 2.5 ukibeba mzigo wa ampea 32 upande mmoja. Njia ya moja kwa moja yenye breka ya 20 haina mtego huo.

Orodha ya manunuzi

Nyumba yenye eneo la mita za mraba 120 hivi, kwa pointi zile 45, itahitaji takriban:

- waya wa 1.5: roli 2 za moto (unaoleta umeme), 2 za nyutro (unaourudisha), 1 na nusu za ethi
- waya wa 2.5: roli 2 za moto, 2 za nyutro, 2 za ethi
- waya wa 6: mita 60, pamoja na mita 30 za ethi yake
- waya wa 16 kutoka mita hadi sanduku, kwa urefu halisi
- bomba za PVC za milimita 20: vipande 70 hadi 80 vya mita 3, kama bomba za zamani hazifai
- maboksi ya ukutani ya soketi 19, ya swichi kulingana na unavyozipanga, na ya duara 21 ya dari
- breka 10, swichi kuu, RCD (vifaa vinavyokata umeme ukivuja) mbili za milliampea 30
- nguzo mbili za ethi na vibanio vyake
- swichi kubwa za kukata moto na nyutro kwa pamoja, kwa ajili ya jiko na hita

Ongeza asilimia 10 kwenye nyaya. Uliza pia urefu wa roli: mengine ni mita 100, mengine ni yadi 100, ambazo ni mita 91 tu. Kwenye roli sita hiyo ni tofauti ya mita zaidi ya 50.

Rangi nazo zinataka uamuzi mmoja kwa nyumba nzima. Mpangilio wa zamani ni nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro, kijani kwa ethi. Mpya ni kahawia, bluu, na kijani chenye mstari wa njano. Madukani utazikuta zote. Usichanganye, kwa sababu katika mpangilio mpya wa fezi tatu mweusi ni waya wa moto, na fundi atakayekuja miaka kumi baadaye ataamini rangi anayoiona.

Waya feki utaujua kwa mizani na mita

Waya ndio unaokula sehemu kubwa ya fedha za vifaa, na ndipo wizi ulipo. Orodha ya juu ina zaidi ya kilo 20 za shaba tupu. Shaba ina bei yake duniani. Roli la bei ya kutupa limepunjwa shaba, hakuna muujiza mwingine.

Mizani inatosha kukuonyesha. Mita 100 za waya wa 1.5 lazima ziwe na shaba ya kilo 1.34. Za waya wa 2.5, kilo 2.24. Za waya wa 4, kilo 3.58. Hiyo ni shaba peke yake, bado plastiki ya juu. Kwa hiyo roli zima la 2.5 lenye kilo mbili kwenye mizani ya muuza maharage jirani haliwezi kuwa la 2.5, hata kama limeandikwa hivyo kwa herufi kubwa.

Njia ya pili ni mita ya kawaida ya kupimia ukinzani. Roli la mita 100 la 1.5 lisome karibu omu 1.2, la 2.5 karibu omu 0.74. Gusanisha kwanza ncha za mita yenyewe, andika inachosoma, halafu uitoe kwenye jibu. Roli la 2.5 likisoma omu 1.2, umeuziwa 1.5 yenye koti nene.

Njia ya tatu, menya ncha. Waya wa 2.5 wenye nyuzi huwa na nyuzi saba, kila moja kipenyo cha milimita 0.67, wa 1.5 una nyuzi saba za 0.53. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inabeba umeme mdogo kuliko shaba, inalegea kwenye skrubu, na maungio yake huanza kuungua.

Ulinganisho wa bei nao unasaidia. Bei ya waya hufuata shaba, hivyo roli la 2.5 la kampuni fulani hukaribia mara 1.6 ya bei ya roli la 1.5 la kampuni hiyohiyo. Pengo likiwa dogo mno, uliza sababu. Nunua mwenyewe, dukani, kwa risiti ya EFD yenye aina na unene wa waya, na angalia alama ya TBS. Fundi aje kuchagua nawe, lakini fedha zitoke mkononi mwako.

Bomba na kuta

Hapa gharama inaweza kupungua kwa kiasi kikubwa. Nyumba yako ikiwa ina bomba ndani ya kuta, na bomba hizo ni nzima, waya wa zamani unatumika kuvutia mpya. Jaribu njia mbili tatu kabla ya kukubaliana bei: fungua swichi, zima umeme wote, vuta. Ukisogea, una bahati. Ukigoma, huenda saruji iliingia kwenye bomba wakati wa plasta, au fundi wa zamani aliacha bomba katikati ya safari na kufukia waya mtupu. Waya mgumu kuvutika usilazimishwe kwa mafuta, paka poda. Bomba la milimita 20 lisijazwe zaidi ya asilimia 40 ya nafasi yake, la sivyo ganda linachubuka wakati wa kuvuta na nyaya zinapashana joto.

Pasipo bomba, kuta zinachimbwa. Chimba wima, kutoka darini kushuka kwenye swichi au soketi. Mstari wima usizidi theluthi ya unene wa ukuta, wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita. Kwa tofali la milimita 150 hiyo ni milimita 50 na 25. Usikate lenta wala nguzo ya zege. Waya usipite kimshazari, hata kama inaokoa mita mbili, kwa sababu atakayepigilia msumari wa picha baadaye hatakuwa na namna ya kujua ulipo.

Kwenye makadirio andika saruji, mchanga, ufundi wa plasta, skimu na rangi ya kuta zote zilizoguswa. Kiraka cha rangi hakifanani na ukuta wa zamani, kwa hiyo hesabu ukuta mzima. Kama dari ni ya jipsam, uliza mapema itafunguliwa wapi na nani ataziba.

Kama kuta ni imara na huna fedha za plasta na rangi, trankingi za plastiki za juu ya ukuta ni jibu la heshima. Hazipendezi kama za kufukia, lakini zinafungwa haraka na zinafunguka siku ya matengenezo.

Ethi na RCD: usipunguze hata shilingi hapa

Nyumba nyingi zinategemea nguzo yake yenyewe ya ethi iliyopigiliwa nje. Watu hudhani breka itakata friji ikipata hitilafu. Piga hesabu: udongo wa kichanga wa pwani ukikupa ukinzani wa omu 20, volti 230 zitasukuma ampea 11.5 tu kwenda ardhini. Breka ya 20 inaona huo ni mzigo wa kawaida na inaendelea kushikilia, huku bodi la friji likiwa na umeme. RCD ya milliampea 30 yenyewe inakata, kwa sababu inapima tofauti kati ya umeme unaotoka na unaorudi. Ndiyo maana ethi bila RCD haitoshi. RCD bila ethi nayo husubiri mtu aguse ndipo ikate.

Pigilia nguzo ya chuma kilichopakwa shaba mahali penye unyevunyevu, izame yote. Nguzo moja isipotosha, ongeza ya pili kwa umbali usiopungua urefu wa nguzo, uziunganishe. Chumvi na mkaa hushusha ukinzani kwa muda, lakini mvua huosha chumvi, na chumvi hula kibanio. Acha kibanio ndani ya kishimo chenye mfuniko ili kikaguliwe.

RCD mbili ni bora kuliko moja: hitilafu ya taa ya nje wakati wa mvua isizime jokofu. Sharti ni kila njia irudishe nyutro yake kwenye baa ya RCD yake. Taa ikichukua moto wa njia hii na nyutro ya njia ile, RCD itakata kila ukiwasha. Fundi asiyejua sababu ataiita mbovu na kuiruka. Mwambie atafute nyutro iliyoazimwa.

Fundi, TANESCO na malipo

Kufunga umeme kwa Tanzania Bara ni kazi ya mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Omba kuiona, angalia tarehe ya mwisho na daraja, kwa sababu madaraja hutofautiana kwa aina ya kazi. Kuanzia mita kurudi nguzoni ni mali ya TANESCO: lakiri ya mita isiguswe na fundi yeyote. Ikibidi umeme ukatwe kabla ya mita, au mzigo mpya ukihitaji fezi tatu, peleka ombi TANESCO mapema, kwa sababu kazi inaweza kukwama ikisubiri.

Vifaa ukinunua mwenyewe, fedha za ufundi zigawe hivi: asilimia 30 bomba na maboksi yakishakaa, kabla ya plasta, 40 nyaya zikishavutwa zote, 30 baada ya majaribio. Mafundi wawili wanaojua kazi humaliza nyumba kama hii kati ya wiki moja na mbili, kutegemea uchimbaji. Kabla plasta haijafunika, piga picha kila ukuta, futi ya kupimia ikionekana.

Majaribio kabla ya malipo ya mwisho

Fundi aje na mega, kifaa cha kupima kama ganda la nyaya linazuia umeme, si testa ya bisibisi peke yake. Umeme ukiwa umezimwa, taa zimetolewa na vifaa vimechomolewa, apime kwa volti 500 kati ya nyaya na ethi. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1, lakini nyaya mpya hutoa zaidi sana ya hapo. Ukipata 2 au 3 kwenye kazi mpya, kuna ganda limechubuka au boksi lina maji. Apime pia mwendelezo wa ethi hadi kila soketi, swichi ziwe zinakata moto na si nyutro, na ukinzani wa nguzo ya ethi. Kisha umeme uwashwe, na kitufe cha majaribio cha kila RCD kibonyezwe. Ikate papo hapo.

Matokeo yaandikwe kwenye karatasi kwa kila njia, na majina ya njia yabandikwe ndani ya mlango wa sanduku. Baada ya miezi michache ya matumizi, zima swichi kuu na fundi akaze tena skrubu za breka za jiko na hita. Nyuzi za shaba hutulia taratibu chini ya skrubu. Nyaya zinazotoka mita hadi swichi kuu bado zina umeme hata hapo, hivyo zisiguswe.